Maharashtra: Nani Apewe Wizara Ipi

Jumapili ya tarehe 15 Desemba 2024, watu 39 walikula kiapo cha uwaziri wa jimbo la Maharashtra katika mji wa Nagpur. Kesho yake Bunge la Jimbo likafungua kikao chake cha majira ya baridi hapo hapo Nagpur. Kikao kikaenda hadi Jumamosi, na wiki nzima hakuna hata mmoja kati ya wale 39 aliyekuwa amekabidhiwa wizara. Walikaa upande wa serikali, wakaitwa waheshimiwa mawaziri, lakini kilimo kilikuwa cha nani, maji ya nani, barabara za nani, haikujulikana. Orodha ilitoka usiku wa tarehe 21, kikao kikiwa kimekwisha kufungwa.

Asiyeifuatilia Maharashtra angedhani ni uzembe wa ofisi. Haukuwa uzembe. Muungano ulioshinda uchaguzi wa Novemba ulikuwa wa vyama vitatu, na siku zile zote viongozi wake walikuwa wakivutana juu ya jambo ambalo katika siasa za majimbo ya India ni zito kuliko kiapo chenyewe: nani apewe wizara ipi. Magazeti hupenda picha za jukwaani na mashada ya maua. Serikali yenyewe huundwa baadaye, kwenye karatasi yenye majina upande mmoja na wizara upande wa pili, na anayetaka kujua nani anatawala jimbo hana budi kuisoma karatasi hiyo mstari kwa mstari.

Sheria inayoongoza kazi hii ni fupi. Ibara ya 164 ya Katiba ya India inasema Gavana humteua Waziri Kiongozi wa jimbo, na kwa ushauri wake huwateua mawaziri wengine. Gavana huyo hachaguliwi na wananchi. Huteuliwa na Rais, maana yake na serikali iliyoko New Delhi. Baraza la Mawaziri huwajibika kwa pamoja mbele ya Bunge la Jimbo. Asiyekuwa mbunge anaweza kuwa waziri, hata Waziri Kiongozi, lakini asipopata kiti katika miezi sita huondoka. Hakuna kamati ya kuwachuja wanaopendekezwa wala kura ya kuwathibitisha mmoja mmoja. Wizara zigawanywe vipi, Katiba imemwachia Waziri Kiongozi, naye katika serikali ya muungano huachiwa jina la kugawa tu. Wagawaji ni wengi.

Idadi, hata hivyo, imewekewa ukomo. Marekebisho ya 91 ya Katiba, ya mwaka 2003, yanasema baraza zima pamoja na kiongozi wake lisizidi asilimia 15 ya wabunge wa jimbo, wala lisipungue watu 12. Maharashtra ina viti 288 katika Bunge lake, kwa hiyo mawaziri hawawezi kuzidi 43.

Ukomo huo ulikuja baada ya aibu. Mwaka 1967, katika jimbo la Haryana, mbunge Gaya Lal alihama chama mara tatu ndani ya wiki mbili, na jina lake likabaki kuwa msemo wa Kihindi kwa wanasiasa wasiotulia. Mwaka 1985 ikatungwa sheria ya kumvua ubunge anayehama chama, lakini ikaacha mlango: theluthi moja ya wabunge wakijitenga kwa pamoja walisalimika. Mlango huo ulitumika vizuri Uttar Pradesh mwaka 1997, pale Kalyan Singh alipoiokoa serikali yake kwa kuwapokea waliojitenga na vyama vyao. Wengi wao wakapata uwaziri, na baraza likafikia mawaziri 93. Marekebisho ya 2003 yaliufunga mlango wa theluthi moja na papo hapo yakapunguza viti vya kugawa. Waliobaki na nafasi ya kuhama bila kuadhibiwa ni theluthi mbili ya wabunge wa chama wanaokubali kuungana na chama kingine.

Nia ilikuwa njema, na kwa majimbo mengi baraza lilipungua kweli. Lakini sheria hii ilizuia biashara ya rejareja, ikaacha ya jumla. Mbunge mmoja mmoja hanunuliki tena kwa urahisi. Sasa linahama kundi zima, na kundi likihama, serikali nzima inakwenda nalo. Kwa kuwa viti ni vichache, kila kimoja kimepanda thamani. Maharashtra imeonyesha matokeo hayo waziwazi kuliko jimbo lolote katika miaka ya karibuni.

Ili kuelewa thamani ya wizara, inafaa kurudi 2004. Katika uchaguzi wa mwaka huo, NCP, chama alichokianzisha Sharad Pawar mwaka 1999, kilipata viti 71. Congress, mshirika wake, ilipata 69. Kwa desturi ya miungano, chama chenye viti vingi ndicho hutoa Waziri Kiongozi. Sharad Pawar aliachia kiti hicho kikaenda kwa Vilasrao Deshmukh wa Congress, na badala yake NCP ikachukua wizara zaidi. NCP ikabaki na Mambo ya Ndani, yaani polisi, ikabaki na Fedha, ikabaki na umwagiliaji, wizara ambayo kwa jimbo la wakulima wa miwa na pamba ni uhai na kifo. Mpwa wake, Ajit Pawar, aliyekuwa mmoja wa vigogo wa chama, miaka mingi baadaye alisema hadharani kwamba kuachia kiti kile lilikuwa kosa.

Je, lilikuwa kosa? Hesabu inampa haki Sharad Pawar zaidi kuliko mpwa wake. Kuanzia 1999 hadi 2014, miaka 15, Congress ilitoa Mawaziri Viongozi ikawabadili mara kadhaa, lakini polisi wa Mumbai na wa jimbo zima walikuwa chini ya waziri wa NCP muda wote huo. Chama cha pili kwa cheo kilikuwa cha kwanza kwa mambo yanayomgusa mbunge aliyeko wilayani: nani anahamishwa kituo cha polisi, fedha ya mfereji inatoka lini, barabara ipi iwekwe lami kabla ya mvua.

Mkataba wa namna hiyo ukifanywa bila karatasi huwa hatari. Februari 2019 vyama vya BJP na Shiv Sena vilitangaza kwamba vitakwenda pamoja kwenye uchaguzi na kugawana madaraka sawa kwa sawa. Uddhav Thackeray wa Shiv Sena alisisitiza baadaye kwamba katika mazungumzo ya faragha na Amit Shah wa BJP walikubaliana kupokezana uwaziri kiongozi, miaka miwili na nusu kila chama. Shah alikana. Hapakuwa na hati yoyote ya kuonyesha nani anasema kweli. Matokeo ya Oktoba mwaka huo yalivipa vyama hivyo viwili wingi wa wazi, BJP 105 na Shiv Sena 56, na bado serikali haikupatikana. Urafiki wa kisiasa wa takriban miaka 30 ukavunjika kwa sababu ya maneno yaliyosemwa chumbani.

Kilichofuata kinajulikana, lakini undani wake unastahili kuangaliwa kwa karibu. Tarehe 12 Novemba 2019 jimbo likawekwa chini ya utawala wa Rais, yaani wa New Delhi. Shiv Sena ikaanza kuzungumza na NCP na Congress, mahasimu wake wa siku zote. Usiku wa tarehe 22 muungano huo mpya ulionekana kuiva. Alfajiri ya tarehe 23, muda mfupi kabla ya saa kumi na mbili, utawala wa Rais ukaondolewa kwa kutumia kanuni inayomruhusu Waziri Mkuu wa India kuchukua hatua bila kuitisha kikao cha baraza lake. Kufika kama saa mbili asubuhi Gavana Bhagat Singh Koshyari alikuwa amekwisha kumwapisha Devendra Fadnavis wa BJP kuwa Waziri Kiongozi, na Ajit Pawar kuwa naibu wake. Wakazi wa Mumbai waliofungua magazeti asubuhi hiyo walisoma habari za serikali ya Thackeray inayokuja, huku kwenye televisheni akiapa mtu mwingine.

Serikali hiyo iliishi kama saa 80. Mahakama ya Juu iliamuru kura ya imani ipigwe mbele ya kamera ndani ya siku moja, bila kura ya siri. Wawili hao wakajiuzulu kabla haijapigwa. Msingi wa amri hiyo ni hukumu ya mwaka 1994 katika kesi ya S. R. Bommai, iliyoamua kwamba wingi wa serikali hupimwa ndani ya ukumbi wa Bunge, haupimwi kwa maoni ya Gavana. Bila hukumu hiyo, Ikulu ya Gavana ingekuwa ndiyo Bunge.

Tarehe 28 Novemba Thackeray akaapishwa katika uwanja wa Shivaji Park pamoja na mawaziri sita, wawili kutoka kila chama. Ilichukua mwezi mzima mwingine, hadi tarehe 30 Desemba, kuapisha 36 wengine na kukijaza kikomo cha 43. Ajit Pawar, yule yule wa alfajiri ya tarehe 23, akarudi kuwa Naibu Waziri Kiongozi, safari hii upande wa pili. Wizara zilipogawanywa, muundo wa 2004 ukajirudia. Shiv Sena ilikuwa na Waziri Kiongozi. NCP ikawa na Mambo ya Ndani na Fedha. Aliyesoma karatasi hiyo vizuri angeona mapema wapi muungano utapasukia.

Ulipasukia Fedha. Wabunge wa Shiv Sena walianza kulalamika kwamba Waziri wa Fedha, Ajit Pawar, anawamiminia fedha za maendeleo wabunge wa NCP huku majimbo yao ya uchaguzi yakikauka. Mbunge asiyeweza kuonyesha daraja wala zahanati hana la kusema uchaguzi ukifika, na mpinzani wake mkubwa vijijini mara nyingi alikuwa mtu wa NCP, chama mshirika. Malalamiko mengine yalikuwa ya itikadi, na hayo ndiyo yaliyotangazwa kwa sauti kubwa. Lakini neno fedha lilirudiwa na waasi kila walipohojiwa.

Juni 2022 Eknath Shinde, Waziri wa Maendeleo ya Miji katika serikali hiyo hiyo, aliondoka na wabunge wenzake kwenda Surat, katika jimbo la Gujarat, kisha Guwahati, katika jimbo la Assam, maelfu ya kilomita kutoka nyumbani. Shiv Sena ilikuwa na wabunge 55. Theluthi mbili ni 37. Shinde alikusanya 40. Hakujiunga na chama kingine kama sheria inavyotaka. Alidai kwamba Shiv Sena halisi ni yeye. Thackeray alijiuzulu tarehe 29 Juni bila kusubiri kura ya imani. Kujiuzulu huko kulimgharimu: Mei 2023 Mahakama ya Juu ilisema Gavana alikosea kuitisha kura ile, ikaongeza kwamba haiwezi kumrudisha Thackeray madarakani kwa kuwa aliondoka mwenyewe. Tume ya Uchaguzi ilikuwa imekwisha kumpa Shinde jina la chama na alama ya upinde na mshale. Spika naye, aliyetakiwa kuamua kama walioasi wavuliwe ubunge, alitoa uamuzi Januari 2024, miezi 18 baada ya uasi, na hakumvua mtu.

Hapo ndipo udhaifu mkubwa wa sheria ulipo. Anayeamua kesi ya wahamaji ni Spika, na Spika huchaguliwa na upande wenye wingi, yaani, baada ya uasi kufaulu, upande wa wahamaji wenyewe. Mahakama ya Juu, katika kesi ya Manipur mwaka 2020, ililishauri Bunge la India kufikiria chombo huru cha kuamua kesi hizi. Ushauri huo ungestahili kupewa uzito mkubwa zaidi ya uliopewa.

Shinde aliapa tarehe 30 Juni 2022, Fadnavis akiwa naibu wake. Kisha zikapita siku 40 jimbo la watu zaidi ya milioni 112, kwa sensa ya 2011, likiwa na baraza la watu wawili. Wapinzani waliuliza kuna uhalali gani, ikiwa Katiba inataja idadi isiyopungua 12. Wawili hao hawakuwa wamekaa bure: walirudisha karakana ya treni za metro ya Mumbai katika msitu wa Aarey, mahali serikali ya Thackeray ilikokuwa imeiondoa, na wakaidhinisha upya jina jipya la mji wa Aurangabad. Mambo yote mawili yalikuwa na mabishano makubwa, na yalipitishwa na kikao ambacho kingetosha kwenye pikipiki moja.

Tarehe 9 Agosti waliongezwa mawaziri 18, tisa kila upande. Hakukuwa na mwanamke hata mmoja. Na waasi wengi waliosafiri hadi Guwahati wakitumaini walibaki mikono mitupu, kwa sababu viti tisa havitoshi watu 40. Mmoja wao, Bharat Gogawale, aliyekuwa mnadhimu wa kundi la Shinde katika uasi ule, alisubiri zaidi ya miaka miwili. Septemba 2024, miezi michache kabla ya uchaguzi, alipewa uenyekiti wa shirika la mabasi la jimbo. Ndiyo njia inayotumiwa tangu kikomo cha asilimia 15 kianze: asiyepata wizara hupewa shirika la umma. Majimbo mengine yalijaribu kuwateua makatibu wa Bunge wenye hadhi ya uwaziri. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilibatilisha sheria ya Assam iliyowaruhusu. Mashirika yamebaki.

Julai 2023 Ajit Pawar akajitenga na Sharad Pawar, akaingia katika serikali ya Shinde na mawaziri wenzake wanane. Alipewa wizara gani? Fedha. Wale waliosema wameivunja serikali moja kwa sababu ya mkono wake kwenye hazina sasa walikaa naye meza moja, na hazina ikiwa mkononi mwake tena. Katika kundi hilo alikuwamo Aditi Tatkare, mwanamke pekee wa baraza, akapewa Wizara ya Wanawake na Watoto. Wizara hiyo ilihesabiwa ndogo. Mwaka uliofuata ilipewa kusimamia mpango wa kuwalipa wanawake wa kipato cha chini rupia 1,500 kila mwezi, na mpango huo ndio unaotajwa zaidi kila inapoelezwa kwa nini muungano wa BJP, Shinde na Ajit Pawar ulishinda kwa kishindo Novemba 2024. BJP peke yake ilipata viti 132, Shinde 57, Ajit Pawar 41.

Kwa ushindi wa namna hiyo mtu angetegemea serikali ndani ya siku mbili. Zilipita siku 12. Shinde, aliyekuwa Waziri Kiongozi, hakutaka kushushwa cheo. Katikati ya mazungumzo aliondoka Mumbai akaenda kijijini kwao Dare, wilaya ya Satara, ikaelezwa kuwa anaumwa. Alikuwa akitaka Mambo ya Ndani kama fidia. Tarehe 5 Desemba, siku ya kiapo katika uwanja wa Azad Maidan, zilibaki saa chache tu ndipo ikathibitishwa kwamba atakubali unaibu. Cheo hicho hakimo katika Katiba. Mahakama ya Juu ilisema Februari 2024 kwamba naibu wa namna hiyo ni waziri kama mawaziri wengine. Heshima yake yote inatokana na wizara anayoshika.

Karatasi ya tarehe 21 Desemba ndiyo ikatoa jibu. Fadnavis alibaki na Mambo ya Ndani. Ajit Pawar akabaki na Fedha. Shinde akapata Maendeleo ya Miji, wizara aliyokuwa nayo tangu 2019, pamoja na Nyumba. Si wizara ndogo, hasa Mumbai ambako ardhi ni dhahabu, lakini ujumbe ulisomeka: BJP yenye viti 132 haikuwa na haja ya kurudia mkataba wa 2004. Ukiwa na wingi mdogo unanunua wizara kwa kuachia kiti cha juu, kama alivyofanya Sharad Pawar. Ukikaribia wingi peke yako, unachukua vyote viwili.

Baraza lilifikia watu 42, kiti kimoja kikaachwa wazi. Gogawale hatimaye alipata uwaziri. Chhagan Bhujbal, mzee wa siasa za jimbo na Naibu Waziri Kiongozi wa mwaka 1999, akaachwa, akalalamika waziwazi; alirudishwa Mei 2025, kwenye Chakula na Ugavi, wizara aliyowahi kuishika mara mbili, baada ya waziri mwingine wa chama chake kujiuzulu Machi. Wanawake walikuwa wanne. Ajit Pawar aliwaambia watu wake huko Nagpur kwamba muhula utagawanywa, baadhi watumikie miaka miwili na nusu kisha wawapishe wengine.

Na bado kugawana hakukuwa kumekwisha. Maharashtra ina wilaya 36, na kila wilaya hupewa waziri mlezi, ambaye huongoza kamati inayopanga matumizi ya fedha za maendeleo za wilaya hiyo. Kwa mbunge, waziri mlezi ni mtu wa karibu kuliko Waziri Kiongozi. Orodha ilitoka tarehe 18 Januari 2025. Raigad ikapewa Tatkare wa NCP ya Ajit Pawar, Nashik ikapewa Girish Mahajan wa BJP. Watu wa Shinde walikasirika: Gogawale ni mtu wa Raigad na alikuwa akiitaka wilaya yake. Usiku wa siku iliyofuata uteuzi wa wilaya hizo mbili ukasimamishwa, Nashik na Raigad zikabaki bila mlezi, wakati Nashik tayari ilikuwa ikijiandaa kwa tamasha kubwa la mahujaji la Kumbh Mela.

Mwaka 2019 muungano wa Thackeray ulichapisha programu yake ya pamoja siku ile ile ya kiapo: msamaha wa madeni kwa wakulima, mlo wa rupia 10 kwa maskini, nafasi za kazi kwa vijana wa jimbo. Hiyo ilikuwa hatua nzuri, na mlo wa rupia 10 ulianza kutolewa Januari 2020. Sehemu iliyokosekana katika hati ile ni ya nani anashika nini, kwa muda gani, na fedha za wilaya zinagawanywa kwa kipimo gani kati ya wabunge wa vyama washirika. Vyama vinavyoomba kutawala kwa pamoja vingeweza kulazimishwa kuiweka sehemu hiyo mezani kwa Spika kabla ya kura ya imani, ili mbunge ajue anachokipigia kura na mkulima wa Raigad ajue mlango wa kugonga. Ahadi ya miaka miwili na nusu iliyotolewa Nagpur ilipangwa kuiva katikati ya 2027, na kama ile ya Februari 2019, ilitolewa kwa mdomo.